Moshi wa Kampuni Usilipwe kwa Ardhi ya Kijiji



Katika miaka ya karibuni vijiji vyetu vimepokea wageni wanaozungumza habari za hewa ukaa. Wanafika na ramani, na mikataba yenye kurasa nyingi, na ahadi kwamba kijiji kitalipwa kwa kutunza msitu au malisho yake. Wanunuzi wa mwisho, ambao kijiji hakiwaoni, mara nyingi ni kampuni kubwa zenye matanuri, ndege na malori. Wako wanavijiji waliopiga makofi kabla mkataba haujasomwa. Wako pia waliowafukuza wageni kabla hawajasikilizwa. Njia zote mbili zinamwacha mwananchi gizani. Ndiyo sababu tumeandika waraka huu, ili jambo lenyewe lipimwe kwa mizani ya haki.

Msimamo wetu tunautamka mapema, asije mtu akasema tumeuficha. Kampuni inayotoa moshi ina wajibu wa kwanza wa kuupunguza pale pale unapotoka: kwenye tanuri lake, boila yake, mota zake na malori yake. Kununua hati za kaboni kutoka kwenye ardhi ya wakulima na wafugaji ni jambo la mwisho. Likitangulizwa, huwa ni kumtwika maskini mzigo wa tajiri, na hiyo ni dhuluma hata kama imepigwa muhuri.

1. Kampuni yenye matawi mengi

Zamani mwenye kiwanda alijulikana kwa kitu kimoja: huyu wa mkonge, yule wa sukari, mwingine wa saruji. Leo mwenye mali mmoja aweza kumiliki vyote. MeTL imejulikana kwa mkonge, chai, nguo na mafuta ya kula. Bakhresa husaga unga, hutengeneza juisi, huendesha boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na ina kituo cha televisheni. Amsons, yenye biashara ya mafuta ya magari, saruji, unga na usafirishaji, ilivuka mpaka mwaka 2024 ikainunua Bamburi Cement ya Kenya. Tunazitaja ili msomaji auone upana wa jambo, hatuzishtaki.

Upana huo una faida yake, kwa maana tawi moja huweza kulibeba lingine katika mwaka mbaya. Lakini una hatari pia. Mahali penye milango mingi, moshi unaweza kutokea mlango wa nyuma huku wageni wakikaribishwa mbele kwenye bustani.

Kwa hiyo ni lazima tujue namna ya kuuhesabu. Tangu mwaka 2001 wataalamu wengi wamezoea kugawa moshi wa kampuni katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ule inaouchoma yenyewe katika tanuri, boila na injini zake. La pili ni ule unaotokea katika vituo vya umeme vinavyoiuzia nishati. La tatu ni ule wa watu wengine kwa ajili yake: mkulima anayeiuzia mazao, lori la kukodi, na mteja anayetumia bidhaa yake. Kwa kampuni inayouza dizeli, fungu la tatu hupita yote kwa ukubwa, maana mafuta huungulia ndani ya injini ya mnunuzi. Anayetangaza fungu la kwanza tu na kunyamazia mengine amesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli imeshawapoteza wengi.

2. Nishati inayopotea bure

Tuingie sasa viwandani, maana hapo ndipo tunapoona kwamba kazi ya kupunguza moshi inawezekana bila kugusa hata ekari moja ya kijiji.

Tuanze na chai. Jani bichi la chai ni maji kwa robo tatu ya uzito wake au zaidi, na kazi kubwa ya kiwanda ni kuyaondoa maji hayo kwa joto, ambalo katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki hutoka kwenye boila ya kuni. Sasa, gogo lililokatwa jana laweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Moto ukiwashwa, hulazimika kwanza kuchemsha maji ya gogo kabla haujanyausha jani la chai. Banda lenye paa, magogo yaliyopasuliwa na kupangwa ili upepo upite kati yake, na miezi kadhaa ya subira: hayo tu hupunguza kuni zinazohitajika kwa kazi ile ile. Hali kadhalika bomba la mvuke lisilofunikwa hupasha joto ukuta na jasho la mfanyakazi, wakati mwenye kiwanda analilipia joto hilo kana kwamba limefanya kazi.

Tuangalie na mota. Pampu au feni ikipunguzwa mwendo kwa sehemu moja ya tano, umeme inaoula hupungua karibu nusu. Hata hivyo viko viwanda ambako mota huachwa izunguke kwa nguvu zote, kisha vali ikafungwa nusu ili kuzuia maji. Ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja. Upepo unaovuja kwenye mabomba ya kompresa hulia usiku kucha hata kiwanda kikiwa kimelala, na kila mlio ule umelipiwa. Fundi mwenye masikio mazuri, ngazi na siku mbili za kazi angeweza kuokoa kiasi ambacho mkurugenzi anakwenda kukitafuta kwenye makongamano ya ng'ambo.

Yako pia masalia ambayo ni mali. Kiwanda cha sukari cha TPC, karibu na Moshi, huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wake, na ziada huuziwa TANESCO. Katika jani la mkonge, nyuzi zinazouzwa hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Kinachobaki kilizoeleka kutupwa mabondeni, kikaoza na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa uzito ule ule huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa. Kule Hale, mkoani Tanga, mwishoni mwa miaka ya 2000, Katani Limited ilijengewa mtambo wa kugeuza masalia hayo kuwa gesi na gesi kuwa umeme. Mfano huo ulitoka katika udongo wetu, ukionyesha kwamba takataka ya jana yaweza kuwa taa ya leo.

Saruji ni ngumu zaidi, na haki yatutaka tuseme hivyo. Ili kupata klinka, mawe ya chokaa huchomwa hadi joto linalokaribia nyuzi 1,450. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa inayotoka hapo haitokani na makaa ya mawe wala gesi, bali na jiwe lenyewe linapovunjika. Kwa hiyo kubadili mafuta ya tanuri peke yake hakutoshi. Dawa iliyo karibu ni kupunguza klinka ndani ya mfuko, sehemu yake ikachukuliwa na majivu ya volkano au udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Nchi yetu haikunyimwa volkano. Kutoka Kilimanjaro hadi nyanda za Mbeya mali hiyo imelala ardhini.

Mwisho ni malori. Lori linalorudi tupu kutoka mpakani limechoma dizeli kusafirisha hewa. Kampuni yenye matawi mengi ina nafasi ya pekee hapa, kwa sababu lori lililopeleka saruji la tawi moja laweza kurudi na mahindi ya tawi lingine. Inahitaji tu wakuu wa matawi wazungumze.

Kwa nini tunaliita jambo hili la haki, na si la mafundi peke yao? Kwa sababu upotevu una mlipaji. Boila inayokula kuni mbichi hula msitu ule ule ambao mama wa kijiji anautegemea kwa chakula cha jioni. Serikali ya Tanzania imeziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa, na mwaka 2024 ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Agizo ni jema. Lakini kama mpishi wa shule anaambiwa abadili jiko lake, mwenye boila asiulizwe kitu?

3. Hila tatu za hesabu

Hila ya kwanza ni ya "kwa kila tani". Kampuni hutangaza kwamba imepunguza moshi kwa asilimia 20 kwa kila tani ya bidhaa. Wasikilizaji hupiga makofi. Lakini kama katika muda huo huo uzalishaji umeongezeka kwa nusu, moshi wote kwa jumla umepanda kwa asilimia 20. Jambo hili si geni. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba injini zinazotumia makaa kwa uangalifu hazikupunguza makaa yaliyochomwa Uingereza, bali ziliyaongeza, kwa kuwa nguvu ya mvuke ilizidi kuwa rahisi na watu wakaitaka zaidi. Ufanisi usio na kikomo cha jumla huweza kuwa njia ya kuchoma zaidi kwa bei nafuu. Kwa hiyo tudai namba zote mbili: ya kila tani na ya jumla.

Hila ya pili ni ya wastani. Tawi la sukari linalochoma makapi yake laonekana safi, na tawi la saruji lachoma makaa ya mawe. Hesabu zikichanganywa, tawi la pili hujificha kwenye kivuli cha la kwanza. Wananchi wanaokaa jirani na saruji hawapumui wastani wa kampuni. Wanapumua vumbi na moshi wa tanuri lililo mbele yao. Hesabu itolewe tawi kwa tawi.

Hila ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi. Kampuni huendelea kutoa moshi kama jana, kisha hununua hati inayosema kwamba mahali fulani, kwa watu fulani, hewa ukaa imezuiliwa, na kwa hati hiyo hujitangaza kuwa haina deni. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 171, alionya kwamba biashara hiyo yaweza kuzaa ulanguzi mpya na kuwa kisingizio cha watu na nchi kuendelea kutumia kupita kiasi. Tumeishi miaka ya kutosha baada ya onyo hilo kuona kwamba halikuwa la bure.

4. Ardhi iliyo nyuma ya hati

Miradi ya kaboni ya ardhini huchukua kwa kawaida miaka 30 au zaidi. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutia sahihi atakuwa mzazi kabla mkataba haujaisha. Je, nani aliuliza ng'ombe watapita wapi katika mwaka wa ukame wa kumi na tano?

Kaskazini mwa Kenya uko mradi mkubwa wa kaboni ya malisho, ambao hati zake zilinunuliwa na kampuni maarufu za ng'ambo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria. Hifadhi moja kati ya hizo ilikuwa sehemu ya mradi huo. Nchini humo sheria ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka jamii ipewe si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhini, gharama zikishatolewa. Tunaipongeza sheria hiyo, lakini viongozi wetu wayasome upya maneno mawili ya mwisho. Anayeandika orodha ya gharama ndiye anayeamua asilimia 40 ni ya kiasi gani.

Hatusemi kwamba kila mradi ni wizi. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinavyotunza misitu vimepata fedha za kaboni na kujenga madarasa na zahanati. Ni jambo la kushukuru, nalo linaonyesha kwamba wananchi wenye ardhi yao, mipaka yao na sauti yao waweza kunufaika. Lakini hata fedha hiyo haiufuti moshi uliokwisha kutoka kwenye bomba la mnunuzi. Msitu utunzwe kwa sababu ni uhai wetu. Usitumike kama pazia la tanuri.

5. Hoja tunazozisikia

Wapo wasemao: Afrika ina karibu sehemu ya tano ya watu wa dunia, nayo haitoi hata sehemu ya ishirini ya hewa ukaa, kwa nini sisi tubanwe? Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli hatukubali mfugaji wa Longido alipie deni la viwanda vya nchi tajiri. Lakini uchache wa moshi wetu hauhalalishi bomba linalovuja. Nishati iliyopotea haikumjengea mtu shule.

Wapo wasemao: mtaua ajira. Tunawakumbusha habari ya Mumias, magharibi mwa Kenya. Kampuni hiyo ya sukari ilikuwa na mtambo wa megawati 38 uliochoma makapi ya miwa, na megawati 26 zilikusudiwa kuuzwa kwenye gridi ya taifa. Ulikuwa mradi wa kusifiwa. Hata hivyo mwaka 2019 kampuni iliwekwa mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na mdai wake, huku wakulima wakilia kwa malipo ya miwa yao. Ajira haikuuawa na uangalifu wa nishati. Mtambo ule haukuweza kuiokoa kampuni iliyolemewa na madeni na usimamizi mbovu. Uangalifu wa kuni na uaminifu wa hesabu ni ndugu wawili, na mmoja hasimami peke yake.

Wapo wasemao: ni ghali. Baadhi ya hatua ni ghali kweli, kama tanuri jipya la saruji. Lakini banda la kuni, kufunika bomba na kuziba upepo si mambo ya kusubiri mkopo wa benki ya dunia. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2012, iliviagiza viwanda vinavyotumia umeme mwingi vikaguliwe nishati yao kila baada ya miaka mitatu, na vitekeleze angalau nusu ya uokoaji utakaopendekezwa. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba jambo hili halijulikani namna ya kulianza.

6. Tunayoyadai

Kwanza, kila kampuni yenye matawi mengi itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili, nishati iliyotumia na moshi uliotoka, tawi kwa tawi, kwa tani na kwa jumla, katika mafungu yote matatu.

Pili, ukaguzi wa nishati ufanywe na watu wasioajiriwa na kampuni, na matokeo yake wayaone wafanyakazi na vijiji jirani.

Tatu, hati za kaboni zisinunuliwe kufidia moshi ambao ungeweza kuzuiwa kiwandani. Hesabu ya kilichopunguzwa itangulie. Kilichobaki kijadiliwe baadaye.

Nne, sehemu ya fedha inayookolewa iwarudie mafundi na wafanyakazi walioiokoa, na majirani waliovumilia moshi.

Tano, hakuna mkataba wa kaboni kutiwa sahihi kijijini bila kusomwa wote, kwa lugha ya wanakijiji, mbele ya Mkutano Mkuu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwenyekiti ni mdhamini wa ardhi, hana haki ya kuiuza sebuleni kwake.

Madai haya hayaishii kwenye lango la kampuni. Jimbo nalo ni nyumba yenye matawi mengi: hospitali, seminari, shule za bweni, mashamba, karakana. Kila taasisi yetu ipime kuni, umeme na dizeli yake kwa kipimo kile kile, ili atakayetuuliza apate jibu lililoandikwa.

7. Maswali ya kujadili katika Jumuiya

a) Kiwanda kilicho karibu nasi huchoma nini, na kuni au makaa yake hutoka wapi?

b) Nani kati yetu anafanya kazi humo? Ameona upotevu gani, na je, ana mahali pa kuusema bila kuhatarisha kazi yake?

c) Je, kijiji chetu kimefuatwa na watu wa kaboni? Mkataba uko wapi, ni wa miaka mingapi, na gharama huandikwa na nani?

d) Taasisi ya Kanisa iliyo jirani hutumia kuni kiasi gani kwa mwezi? Nani ataleta hesabu hiyo katika kikao kijacho?

Majibu yaandikwe, yapelekwe kwa Halmashauri ya Walei ya parokia, nayo iyafikishe kwa Tume. Tutayatumia tutakapokwenda kuzungumza na wenye viwanda, kwa maana hatutaki kwenda mikono mitupu.